Kabla ya kuongeza gesi, itazame evaporeta

Jokofu la biashara linapopoza kwa shida ilhali kompresa inanguruma mfululizo, wengi hukimbilia kuongeza gesi. Ni heri kwanza ukate umeme, ufungue kifuniko cha ndani na uitazame evaporeta, yaani yale mabomba yenye vibati ambamo gesi hunyonya joto la jokofu. Kusema kweli, humo hakuna baridi inayotengenezwa, bali joto ndilo linaloondolewa: gesi iliyogeuzwa kimiminika hupita kwenye valvu ya upanuzi, shinikizo lake hushuka ghafla, nayo huanza kuchemka ndani ya mabomba katika halijoto ya chini mno (R-134a, mojawapo ya gesi za majokofu, huchemka kwenye nyuzi -26 hivi za Selsiasi katika shinikizo la kawaida la hewa), na ili ichemke ni lazima inyonye joto la hewa ambayo feni huisukuma kati ya vile vibati vyembamba vya alumini vilivyobanana.

Vibati hivyo vikizibwa na barafu au vumbi, hewa haipiti, na kimiminika ambacho hakikuchemka chote kinaweza kurudi hadi kwenye kompresa na kuiharibu. Hilo ndilo la kuogopwa kuliko yote. Acha milango wazi hadi barafu iyeyuke yenyewe, kisha safisha vibati kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wake. Usiikwangue barafu kwa kisu wala bisibisi, kwa sababu bomba likitoboka gesi yote itavuja. Barafu ikirudi upesi, kagua raba za milango, feni, na hita ya kuyeyushia barafu.