Ham ya Krismasi: shira ya kupaka na mchuzi wa pembeni

Wapendwa, somo la ham mmeliomba tangu Novemba, hili hapa. Kwa walio nyumbani: hii si kitimoto ya kukaanga na ndizi. Ham ni paja la nguruwe lililolowekwa maji ya chumvi na kufukizwa moshi, na nyingi za madukani hapa Marekani huuzwa zimeshaiva. Kazi yako ni kuipasha na kuipaka shira.

Mwaka wangu wa kwanza Texas niliipaka tangu mwanzo, nikaenda zangu kusuka nywele. Sukari ikageuka lami, king'ora cha moshi kikalia, wageni wakala wali na kuku.

1. Washa oveni nyuzi 325 za Fahrenheit (160 za Selsiasi). Chanja mafuta ya juu mistari ya mshazari inayokatana, usifikie nyama. Penye makutano chomeka karafuu nzima. Kama imekatwa vipande tayari, ruka kuchanja na kuchomeka karafuu.

2. Ilaze kwenye trei, upande uliokatwa ukiwa chini, mimina kikombe cha maji, funika vizuri kwa foili. Ya ratili 9, yaani kilo 4 hivi, huchukua saa mbili na zaidi kidogo.

3. Sasa shira. Sukari ya kahawia kikombe kimoja (sukari guru ukiipata ni bora, ina harufu ya miwa), juisi ya nanasi nusu kikombe, haradali vijiko vikubwa viwili, siki ya tufaha vitatu, na karafuu ya unga ya kubana kwa vidole viwili. Chemsha moto mdogo kama dakika 10. Aliyezoea shira ya kaimati awe macho: hii isifike kuvuta uzi. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia ikibaki, epua, maana ikipoa inazidi kuwa nzito. Chumvi usitie hata chembe. Siki nayo usiipunguze, kwa sababu nyama ina chumvi tayari na utamu mtupu juu yake humchosha mlaji kwenye kipande cha pili. Mimi siku hizi natumia ukwaju uliolowekwa na kuchujwa badala ya siki. Wakwe zangu hawajui ni kitu gani, wanachojua ni kurudisha sahani waongezewe.

4. Kipimajoto kikisoma 120 (nyuzi zote kuanzia hapa ni za Fahrenheit) katikati ya nyama (kisiguse mfupa), toa foili, pandisha oveni hadi 400. Paka mara tatu, kila baada ya dakika saba hivi. Ya kwanza huteleza kwenye mafuta, ya pili inashika, ya tatu ndiyo inayong'aa. Usiondoke jikoni! Ikifika 140 itoe, itulie dakika 15.

5. Mchuzi: juisi ya tufaha kikombe kimoja, zabibu kavu konzi moja, siki kidogo, haradali kijiko cha chai. Chemsha zabibu zivimbe, kisha koroga wanga wa mahindi kijiko cha chai kwenye maji baridi uongeze. Maji ya kwenye trei yaonje kwanza kabla ya kuyatia kwenye mchuzi, huwa chumvi tupu. Vijiko viwili vinatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Niko Mbeya, sina oveni.
– Marahaba mdogo wangu. Fanya kama unavyooka keki: sufuria nzito, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Wakati wa shira punguza wa chini, la sivyo yanayodondoka yataungua.

Mimi nimenunua paja bichi buchani.
– Hilo bado halijawa ham, mama. Lipake chumvi tangu jana yake, uliivishe hadi 145, litulie, shira ni ile ile.

Kwetu hatuli nguruwe. Shira hii itafaa kuku?
– Inafaa sana, ya ukwaju hasa. Paka dakika 15 za mwisho, na kuku afike 165.

Shira yangu imeganda kama peremende!
– Vijiko viwili vya maji ya moto, irudishe motoni taratibu, itakusamehe.

Mfupa je, tunatupa?
– Usithubutu. Weka kwenye friza, uchemshie maharage. Chumvi utie baada ya kuonja.