Jinsi ya Kuifungua Giaboksi ya Gari Uani Kwako

Barabara za Pemba ni za kupanda na kushuka, na dereva anayetoka Chake Chake kwenda Wete huushika mkono wa gia mara nyingi zaidi kuliko anayeendesha masafa hayo hayo kwenye uwanda. Gia inayochoka mwanzo mara nyingi ni ya pili, kwa sababu ndiyo inayotakiwa kila gari linapoanza kuelemewa na kilima likiwa bado lina kasi. Mwongozo huu ni kwa mwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Toyota Hiace au Hilux ya gia tano za mkono, ambaye ana ua wa kufanyia kazi, seti nzuri ya spana na soketi, na siku tatu ambazo gari halitahitajika. Giaboksi za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele zimechanganywa na difu ndani ya nyumba moja, na mpangilio wake ni mwengine. Hizo sizigusi hapa.

Kabla ya kushika spana, kaa ndani ya gari usikilize. Washa injini, weka gia huru, na uachie pedali ya klachi. Ikiwa kuna mvumo unaopotea unapoikanyaga pedali, beringi za shafti ya kuingilia (ile inayotoka kwenye klachi) au za shafti ya chini (ile iliyolala chini ya nyengine) zimekwisha. Ikiwa sauti inakuja pale tu unapoikanyaga, basi ni beringi ya klachi yenyewe, na giaboksi haina haja ya kufunguliwa, ingawa italazimika kushuka. Gia moja pekee ikikwaruza unapoiingiza, ubovu uko kwenye pete ya singronaiza ya gia hiyo, yaani ile pete ya shaba inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia. Lakini zikikwaruza zote pamoja na rivasi, tazama klachi kwanza, kwani huenda haiachii vizuri. Kipimo kimoja ninachokiamini sana ni cha gia ya nne. Katika giaboksi nyingi za aina hii gia ya nne huunganisha shafti ya kuingilia na shafti kuu (ile inayotokea nyuma) moja kwa moja, bila mzigo kupitia shafti ya chini. Kwa hiyo gari linalovuma katika gia zote isipokuwa ya nne linakuonyesha kwamba uchakavu uko kwenye shafti ya chini. Yaandike uliyoyasikia, maana ukishafungua hutaweza tena kuuliza.

Mahali pa kazi panastahili kufikiriwa. Sakafu ya kuanikia karafuu huvutia kwa sababu ni pana na imenyooka, lakini harufu ya mafuta ya gia huingia ndani ya saruji na haitoki, na karafuu zitakazoanikwa hapo msimu ujao zitaichukua. Chagua pembe ya ua yenye kivuli na iliyo mbali na upepo wa mchanga, utandike maboksi ya karatasi yaliyokunjuliwa, na juu yake shuka nyeupe kuukuu, kwa kuwa kila kitu kidogo huonekana juu ya nguo nyeupe. Gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yanayobaki chini yakiwa yamezuiliwa kwa vigingi. Usilikalishe gari juu ya matofali ya saruji wala mawe ya matumbawe, hata yakionekana imara vipi, kwa sababu hupasuka kwa ghafla bila ya kutoa dalili, na wewe utakuwa chini yake.

Mafuta yamwagwe yakiwa na uvuguvugu, baada ya gari kutembea kidogo. Fungua kwanza nati ya kujazia iliyo ubavuni, ndipo ufungue ya kumwagia iliyo chini. Ukigeuza mpangilio huo na ya juu ikagoma kufunguka, utabaki na giaboksi tupu isiyojazika. Itazame nati ya kumwagia, ambayo mara nyingi ina sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Vipande vinavyohisika kwa kidole ni meno ya gia au magamba ya beringi, na vumbi la manjano linalometa ndani ya mafuta ni shaba iliyotoka kwenye pete za singronaiza. Mafuta hayo yatie ndani ya dumu na kulifunga. Maji tunayokunywa visiwani hutoka chini ya ardhi, ardhi yenyewe mahali pengi ni mawe ya chokaa yenye matundu, na mafuta yanayomwagwa nyuma ya nyumba hayana njia nyengine ila kuelekea kwenye kisima cha mtu.

Kuishusha giaboksi ni kazi ya nguvu zaidi kuliko ya akili. Toa waya wa betri, ondoa mkono wa gia, tia alama ya rangi kwenye sahani mbili za propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) ili ziungane tena vilevile, kisha ondoa propela, waya wa swichi ya rivasi, kebo ya spidi, silinda ndogo ya klachi na stata. Iegemeze injini kwa jeki nyengine iliyowekewa kipande cha ubao kabla ya kuitoa boriti inayoishika giaboksi kwa nyuma. Mzigo huo unakaribia kilo 40, kwa hiyo wawepo watu wawili na jeki ya magurudumu. Ukiwa unairudisha nyuma, usiiache hata kidogo ining'inie kwa shafti yake ndani ya sahani ya klachi, kwani uzito huo hupinda kitovu cha sahani na utaanza safari mpya ya matatizo.

Sasa ioshe kwa nje. Tumia mafuta ya taa na brashi, na uzibe kwa kitambaa matundu yote, kikiwemo kile kitundu kidogo cha kupumulia kilicho juu. Mchanga ulioganda nje ya giaboksi ndio utakaoangukia ndani ukiifungua ikiwa chafu.

Giaboksi nyingi za Toyota za aina hii zimejengwa kwa sehemu kuu tatu: sanduku la mbele, bamba la kati, na mkia wa nyuma. Shafti zote pamoja na uma za kubadilishia gia zimeshikwa na bamba la kati. Anza kwa kuondoa nyumba ya klachi na kifuniko cha beringi ya mbele, na utazame saklipu, yaani zile pete za springi zilizo wazi upande mmoja, zinazoshika beringi hizo. Zitoe kwa koleo la saklipu, si kwa bisibisi. Kisha ondoa mkia, ukikumbuka kwamba ndani yake mna kidole kinachosukuma shafti za uma, ambacho lazima kiachane nazo kabla mkia haujatoka. Katika baadhi ya giaboksi kuna pini mbili zinazozuia mkono wa gia, moja kila upande, na hazifanani. Zitie alama ya kulia na kushoto. Sanduku la mbele litoke kwa kugongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki kuzunguka pande zote. Usiingize bisibisi kwenye kiungo, kwa sababu aluminiamu ikichubuka hapo itavuja mafuta daima.

Kitakachobaki mkononi ni bamba la kati likiwa na matumbo yote ya giaboksi. Lazima lishikwe na jiriwa, lakini meno ya jiriwa yasiguse bamba. Chukua bolti mbili ndefu za nyumba ya klachi, uzipitishe kwenye matundu ya bamba pamoja na washa na nati, na jiriwa ikamate vichwa vya bolti na nati hizo. Hapo utakuwa na kazi iliyosimama wima mbele ya macho yako, nawe una mikono miwili huru. Usiguse kitu bado. Piga picha kwa simu kutoka pande nne, kisha zungusha shafti kwa mkono na uingize gia moja baada ya moja, utazame uma ipi inasogeza kitu gani. Nusu saa hii ya kutazama ndiyo itakayokurudisha salama.

Uma ndizo zinazotoka mwanzo, na hapa ndipo subira inapohitajika kuliko popote. Ubavuni mwa bamba mna vizibo vya skrubu, na nyuma ya kila kizibo mna springi na gololi inayoishika shafti ya uma mahali pake. Vifungue kimoja kimoja, uvute springi na gololi kwa sumaku, na kila seti uitie ndani ya kikombe chake chenye jina, kwani springi hizo huenda zikatofautiana urefu. Zirudishe uma zote kwenye gia huru, halafu zisukume nje kwa panchi nyembamba zile pini zinazofunga uma kwenye shafti. Toa shafti moja kwa wakati mmoja. Kati ya shafti na shafti mna vipini vidogo au gololi zinazozuia gia mbili zisiingie pamoja, na shafti ikitoka navyo hudondoka. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii sikuweka nguo chini ya jiriwa. Gololi moja iliruka ikaingia mchangani, tukauchekecha mchanga ule kwa chekecheo hadi magharibi bila ya kuipata, na gari likalala siku tisa kungojea nyengine kutoka Dar es Salaam.

Gia ya tano hukaa upande wa nyuma wa bamba na mara nyingi hushikwa na nati iliyogongwa ukingo wake ili isilegee. Unyanyue ukingo huo kwa patasi ndogo, kisha uzifunge shafti kwa kuingiza gia mbili kwa mpigo, jambo ambalo sasa linawezekana kwa kuwa vizuizi vimetoka, na uilegeze nati. Nati hiyo haitumiki mara ya pili. Kabla ya kuitenganisha habu (kile kitovu kinachozunguka pamoja na shafti) na slivu yake, yaani ile pete yenye meno kwa ndani inayoteleza juu yake, tia alama kwenye vyote viwili, kwa sababu vimezoeana na havitafurahi kukutana upande mwengine.

Kila kinachotoka kwenye shafti kuu kivikwe mara moja, kwa mpangilio wake na uso wake, kwenye mti safi wa fagio au bomba la plastiki: gia, pete ya shaba, habu, washa, beringi ya sindano. Usitegemee kumbukumbu. Washa iliyogeuzwa hukaa vizuri kabisa wakati wa kufunga, na kosa hujulikana pale gari linapokuwa barabarani. Penye beringi iliyobana, tumia pula, kile kifaa cha kuvutia beringi. Na pale pula inaposhindwa, simama. Beringi ya nyuma na baadhi ya habu huingizwa kwa mashine ya kushindilia, na ushauri wangu ni kuipeleka shafti hiyo kwenye gereji yenye mashine hiyo na kulipa kwa kazi ya dakika chache. Nyundo ya chuma kwenye ncha ya shafti huharibu kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Ukaguzi huanza na pete za singronaiza. Paka mafuta kidogo kwenye koni ya gia, ibane pete juu yake kwa vidole na ujaribu kuizungusha: nzuri hushika, mbovu huteleza. Kisha pima kwa fila geji, yale mabati membamba ya kupimia, nafasi iliyopo kati ya pete na meno madogo ya gia. Kwa giaboksi nyingi za Toyota nafasi ikiwa chini ya milimita 0.8 pete imekwisha, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Meno madogo hayo yawe na ncha kali. Yakiwa yameviringika, gia itaruka nje hata ukiweka pete mpya. Beringi uzioshe kwa mafuta ya taa, uzikaushe kwa kitambaa, na uzizungushe polepole karibu na sikio. Usizizungushe kwa upepo wa pampu.

Namba ya beringi imechorwa ubavuni mwake, na kwa sisi ambao spea zetu huvuka bahari, kuisoma namba hiyo ni muhimu sana. Katika beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa upana wa tundu kwa milimita: 6206 na 6306 zote zina tundu la milimita 30, isipokuwa ya pili ni nene na pana zaidi kwa nje. Herufi NR zikifuata namba, zinaonyesha mfereji na saklipu ya nje, na beringi ya namba hiyo hiyo isiyo na mfereji haitakaa ndani ya giaboksi yako. Agiza kwa namba kamili pamoja na herufi zake zote, na uongeze kwenye oda hiyo sili zote za mafuta, gasketi na nati ya gia ya tano.

Wakati unangojea oda, kumbuka kwamba hewa yetu ina chumvi. Chuma kilichooshwa kwa mafuta ya taa kikaachwa kikavu huweza kuamka asubuhi kikiwa na utando mwekundu, hasa wakati wa masika. Jioni hiyo hiyo paka mafuta ya gia kila jino, kila beringi na kila shafti, vifunge ndani ya mifuko ya plastiki vikiwa bado kwenye mti wake, na uviweke ndani ya nyumba, juu, mbali na sakafu.