Chuma cha vitumbua kinanata? Kirudishie utando wake

Vitumbua vikianza kutoka vipande vipande, usikimbilie kulaumu unga. Tazama chuma. Ule weusi unaong'aa ni mafuta yaliyopikwa mpaka yakageuka gamba gumu, na likibanduka, kitumbua hunata.

Kwanza leta sumaku. Isiponasa, hicho ni cha alumini. Mwongozo huu haukihusu.

1. Sugua kwa stilwaya na sabuni, kila kishimo, hasa ukingoni ambako sukari na tui huungua na kuacha ukoko. Kutu ikikataa, loweka nusu saa kwenye siki na maji nusu kwa nusu, kisha sugua tena. Usikilaze humo usiku kucha: siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe.

2. Suuza, futa, bandika motoni papo hapo. Ukichelewa kidogo tu, kitambaa cheupe kitatoka na rangi ya chungwa, nawe utarudi kusugua.

3. Hapa ndipo wengi huharibu. Kikiwa bado vuguvugu, paka mafuta ya alizeti ndani, nje na mpini, kwa kitambaa cha pamba (si nailoni). Kisha shika kitambaa kikavu uyafute yote, kana kwamba hukutaka kuyapaka. Zungusha kidole ndani ya kila kishimo, maana mafuta hujikusanya chini, na yakipikwa yakiwa mengi huwa ulimbo. Ya nazi yaache kwa kukaangia. Hayafanyi gamba kirahisi kama alizeti.

4. Mwenye oveni akiweke kifudifudi, nyuzi 230 za Selsiasi, saa moja, kipoe humohumo. Wa mkaa afanyie nje, mbali na nguo zilizoanikwa, kwa sababu moshi utakuwepo. Kifunike, ukizungushe mara kwa mara, moto wa mkaa hauko sawa kila upande. Moshi ukikata, epua.

5. Rudia hatua ya 3 na ya 4 mara tatu au nne. Kijivu kitakuwa hudhurungi, kisha cheusi.

Mkupuo wa kwanza tia mafuta ya kutosha, na ule nyumbani, usimpelekee mteja. Ukimaliza kupika, acha kipoe ndipo ukioshe; maji baridi kwenye chuma cha moto huweza kukipasua. Siku kishimo kimoja kikianza kunata, huna haja ya kuanza upya: sugua hichohicho, paka, futa, choma.