Kuchora nyumba ya familia yenye ua wa ndani, kwa mtindo wa siheyuan

Mteja akikwambia anataka nyumba ya Kichina, kwanza mtoe kwenye lile paa la ncha zilizopinda. Linakula hela na halimpi nafasi hata ya kitanda. Cha kuchukua kwenye siheyuan, yaani nyumba ya kale ya Beijing yenye majengo pande nne za ua mmoja, ni nguzo na ua.

1. Nguzo

Nyumba za kale za China hupimwa kwa jian, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo. Nyumba kuu huwa na tatu au tano. Paa linabebwa na nguzo na boriti za mbao, ukuta kazi yake kuziba tu. Wenyewe husema ukuta waweza kuanguka na nyumba isianguke. Kwetu weka nguzo za zege, mita 3.6 kati kwa kati, na mkanda juu. Kuta za katikati usizipitishie bomba wala nyaya kuu, ili vyumba viwili vya watoto viweze kuwa sebule baadaye. Ukuta wa kuhamisha naupenda wa mbao. Jipsamu ikilowa imekwisha. Chorea karatasi ya miraba, kompyuta isubiri.

2. Watu

Kwenye siheyuan wazee hukaa nyumba kuu, ile ya kaskazini, na wana waliooa hukaa mabawa, yaani majengo ya mashariki na magharibi. Kila bawa lipe mlango wake wa uani na choo chake.

3. Jua

Beijing iko nyuzi 40 kaskazini, hivyo nyumba kuu hutazama kusini ili ipate jua wakati wa baridi. Dar es Salaam sababu hiyo haipo. Madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, upande wa magharibi weka stoo na vyoo.

4. Maji ya uani

Hapa usiharakishe. Ua umezungukwa na nyumba pande zote, maji hayana pa kukimbilia. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ua wa mita 5 kwa 6 ni mita za mraba 30. Ongeza 70 za paa linalomwagia ndani, unapata 100. Mvua ya milimita 50 inakuletea lita 5,000.

Huizhou, mkoani Anhui, mapaa yote humwaga ndani, wakihesabu ni mali inayoingia nyumbani. Mimi nusu ya paa naielekeza nje, na ndani naweka gata liendalo kwenye tangi.

Sakafu ya korido iwe juu ya ua kwa sentimita 15 au zaidi. Ua uteremke sentimita 1 kila mita. Toa matundu mawili, kwenye pembe tofauti, kila moja na bomba lake la inchi 4: majani ya mwarobaini yakilala juu ya chujio moja, maji hupanda hadi kizingitini huku watu wamelala. Mabomba hayo hupita chini ya bawa, kwa hiyo yalazwe kabla ya kumwaga jamvi, na chemba ziwe ndani na nje ili fundi apate pa kuzibulia. Usiyaunganishe na maji ya chooni, hata fundi akisema ni nafuu. Kabla ya vigae mwaga ndoo kadhaa. Panapotuama, chora kwa chaki, rekebisha, mwaga tena.

5. Lango

Beijing mara nyingi hukaa pembe ya kusini-mashariki, na ukiingia unakutana na ukuta wa kukinga macho. Nyumba za mawe za Lamu nazo hukukatisha kona ukitoka daka, kibaraza cha mlangoni, kabla ya kuuona ua wa ndani. Ukuta wa mita 2 watosha, ila acha upana wa kupitisha friji.