Namna ya Kumhudumia Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Perthes Mpaka Nyonga Yake Ijijenge Upya

Mtoto wa miaka minne hadi minane anapoanza kuchechemea ilhali hakuanguka, na akiulizwa panapouma akaonyesha goti, wazazi wengi humchua goti kwa mafuta na kusubiri. Ni vyema kufahamu kwamba maumivu ya nyonga kwa watoto husikika mara nyingi pajani au gotini, hivyo goti linalouma bila kuvimba ni sababu tosha ya kuomba nyonga nayo ipimwe.

Miongoni mwa maradhi yanayojificha hivyo ni ugonjwa wa Perthes. Ulielezwa mwaka 1910 na madaktari watatu, kila mmoja akiwa nchini kwake: Arthur Legg wa Marekani, Jacques Calvé wa Ufaransa na Georg Perthes wa Ujerumani. Damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, yaani ncha yake ya juu ya mviringo inayoingia kwenye nyonga, hupungua au kukatika kwa sababu ambayo mpaka leo haijathibitishwa. Sehemu hiyo ya mfupa hufa, kisha mwili wenyewe huanza kuimeng'enya na kujenga mfupa mpya mahali pake. Wavulana huupata mara nne hadi tano zaidi ya wasichana.

Kabla ya kukubali jina hilo, hakikisha mtoto amepimwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Ugonjwa wa Perthes ni nadra zaidi kwa watoto wenye asili ya Kiafrika, na selimundu huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa namna inayofanana sana katika picha ya eksirei, ilhali matunzo yake ni mengine. Kifua kikuu cha nyonga nacho kisisahaulike, hasa ikiwa mtoto anakonda au nyumbani mna mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu. Mtoto mwenye homa kali anayekataa kabisa kukanyaga chini apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana usaha ukiwamo katika kiungo unaweza kukiharibu ndani ya siku chache.

Ugonjwa ukishathibitishwa, jambo la kwanza kulielewa ni muda. Mfupa huchukua miaka miwili hadi minne, pengine zaidi, kufa, kumeng'enywa na kujengeka tena, na hakuna dawa, lishe wala kuchuliwa kunakoweza kuuharakisha. Katika kipindi cha kumeng'enywa kichwa cha mfupa huwa laini, na umbo litakalopatikana wakati huo ndilo litakalokauka na kubaki. Kwa hiyo kazi yote ya matibabu ni kukiweka kichwa hicho ndani ya kikombe cha nyonga, ambacho hukishika kama kalibu inavyoshika udongo, ili kijengeke kikiwa mviringo. Kichwa huingia vizuri zaidi kikombeni mguu unapotanuliwa kando. Ndiyo maana nashauri mzazi asipime maendeleo kwa maumivu, ambayo huja na kuondoka, bali kwa upana ambao mguu unatanuka.

Upimaji huo unafanyika nyumbani. Mlaze mtoto chali sakafuni, miguu ikiwa imenyooka. Mtu mmoja aweke viganja juu ya mifupa miwili ya kiunoni ili kiuno kisipinde, na mwingine autanue mguu unaougua taratibu mpaka ahisi unakaza, kabla haujauma. Weka alama ya chaki pale kisigino kilipofika, na urudie kila wiki mahali palepale. Kisigino kikianza kuishia ndani ya alama ya awali, nyonga inakakamaa: mpumzishe mtoto na wasiliana na kliniki mapema, hata kama anasema haumwi. Kiuno kikiachwa kipinde, mguu utaonekana unatanuka kumbe ni kiuno kinachosogea, na mzazi atajipa moyo bure.

Mazoezi ya kila siku yafundishwe na mtaalamu wa mazoezi tiba. Mara nyingi humo mna kutanua mguu na kuushikilia kwa nusu dakika, kukaa nyayo zikiwa zimekutana na magoti yakishushwa kando, na kulala kifudifudi ili nyonga inyooke. Kuogelea kunafaa sana, kwa kuwa maji hubeba uzito. Kuruka, kukimbia na mpira wa miguu vinasimama mpaka daktari aruhusu, na siku za maumivu mtoto atumie magongo yaliyokatwa kwa kimo chake. Ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, ikiwa imeandikwa na daktari, itolewe baada ya chakula kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Choo cha kuchuchumaa humtesa mtoto huyu kuliko watu wanavyodhani. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza, humwondolea taabu hiyo.

Watoto walioanza kuugua kabla ya miaka sita wengi wao huendelea vizuri bila upasuaji. Walioanza baada ya miaka minane, au ambao kichwa cha mfupa kinatoka nje ya kikombe, huenda wakahitaji kukatwa na kugeuzwa mfupa, au kufungwa plasta ngumu, yaani hogo, katika miguu yote miwili ikiwa imetanuliwa kwa fito katikati. Mtoto akifungwa hivyo, angalia vidole vya miguu asubuhi na jioni: vikiwa baridi, vimebadilika rangi, vimevimba au havichezi, rudi hospitali bila kungoja miadi. Asiingize kijiti ndani kujikuna. Tafuta usafiri mapema, maana miguu hiyo haipiti kwenye viti vya daladala, na mwombe mwalimu ampe benchi pana ili asipoteze mwaka wa masomo. Mtoto anayeona wenzake wakicheza huku yeye ameketi huumia moyoni, kwa hiyo apewe kazi ndani ya mchezo, kama vile kuhesabu magoli au kuwa mwamuzi.

Kurudi mchezoni huamuliwa kwa eksirei inayoonyesha mfupa mpya, hasa upande wa nje wa kichwa, pamoja na nyonga inayotanuka bila kukaza. Aanze kwa matembezi, kisha baiskeli, na mbio zije mwisho. Mguu ukibaki mfupi, daktari apime tofauti, naye fundi viatu aongeze soli kwa kipimo hicho. Kliniki iendelee, walau mara moja kwa mwaka au kama daktari atakavyopanga, mpaka mtoto amalize kukua, kwa sababu umbo la nyonga huendelea kubadilika katika miaka hiyo yote.