Somo: Jinsi ya kufuata pesa za mradi wa wadi yako, kutoka mpango hadi ukaguzi

Kila mwaka naona watu wazima wakiacha kazi zao kwenda kikao cha maoni ya umma mwezi wa Mei, wanaomba barabara, wanatia sahihi daftari la mahudhurio, wanarudi nyumbani. Barabara haiji. Walisema, tena vizuri, ila chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Somo hili ni la kaunti zetu 47 hapa Kenya.

Hatua ya 1. Anza Septemba. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Mradi usiokuwa humo ni kazi kubwa kuuingiza baadaye. Hapa ndipo pa kusukuma.

Hatua ya 2. Kufikia 28 Februari hutoka taarifa ya sera ya fedha, inayoweka kiwango cha juu cha kila idara. Soma sehemu ya idara inayohusika na mradi wako tu.

Hatua ya 3. Makadirio hufika bungeni kufikia 30 Aprili. Tafuta mstari wa mradi wako: jina, wadi, kiasi. Ukikuta “Ujenzi wa zahanati mbalimbali” bila wadi hata moja, simama hapo na udai igawanywe, kwa sababu mstari wa namna hiyo haufuatiliki.

Hatua ya 4. Weka nakala ya bajeti iliyopitishwa Juni, kisha ngojea bajeti ya nyongeza, ile inayobadilisha bajeti katikati ya mwaka wa fedha. Nasisitiza hii kuliko zote. Zahanati ya kwetu ilitengewa milioni 4 mwezi Juni. Machi niliweka nakala mbili mezani, ya Juni na ya nyongeza, nikashuka na rula mstari kwa mstari. Kwenye ule wetu palikuwa na kistari kifupi tu, pesa hakuna. Hakuna aliyetangaza. Msingi ulikuwa umeshachimbwa, na masika yakaujaza maji. Bila ile karatasi ya Juni nisingekuwa na la kumwonyesha mwakilishi wadi.

Hatua ya 5. Soma ripoti za kila robo mwaka za Mdhibiti wa Bajeti, anayeidhinisha pesa za umma zitolewe: kilichotengwa, kilichoidhinishwa kutolewa, kilichotumika. Halafu ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambayo Katiba inaipa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Nenda moja kwa moja kwenye aya za miradi iliyokwama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, ofisini wamenirudisha mara tatu, wanasema hizo ni karatasi za ndani.

Jibu: Pole sana. Usirudi tena kwa mdomo. Andika barua, taja Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na nakala yako ipigwe muhuri wa tarehe. Wana siku 21 za kukujibu. Kuomba ni bure. Wanaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala tu. Siku zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, pamoja na ile nakala yenye muhuri.

Swali: Ripoti inaonyesha pesa ziliidhinishwa, mwanakandarasi anaapa hajalipwa. Nani mwongo?

Jibu: Huenda hakuna. Idhini ya Mdhibiti huziruhusu pesa kutoka Hazina ya Mapato ya Kaunti, yaani mfuko mkuu wa pesa za kaunti. Kumlipa mwanakandarasi ni hatua nyingine, na katikati hapo ndipo madeni hulimbikizana. Iombe hazina ya kaunti, yaani idara ya fedha, orodha ya madeni ambayo hayajalipwa, uone kama jina lake limo na tangu lini.

Swali: Ushuru wa sokoni tunaolipa kila siku unaonekana wapi?

Jibu: Kwenye ripoti hizo hizo za Mdhibiti wa Bajeti, sehemu ya mapato ya kaunti yenyewe. Linganisha lengo na kilichokusanywa. Na dai risiti kila siku, mama. Shilingi isiyo na risiti haifiki kwenye ripoti yoyote.

Swali: Septemba imeshanipita. Nimekosa mwaka mzima?

Jibu: Hapana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti wakati wowote. Liandike, ambatanisha ukurasa wa bajeti wenye mstari wako, na ulipeleke kwa karani wa bunge.