Mkurugenzi amewadanganya wanahisa? Jinsi ya kuomba aondolewe au ashtakiwe Kenya

Kwenye mikutano ya wanahisa Nairobi, malalamiko mengi husikika kwenye foleni ya boksi la chakula na mwavuli wa kampuni, kura zikiwa zimeshapigwa. Ukishuku mkurugenzi ameficha hasara, au amejipa zabuni kupitia kampuni ya shemeji yake, Sheria ya Kampuni ya 2015 inakuruhusu kuchukua hatua.

Kwanza thibitisha kuwa wewe ni mwenyehisa. Kama hisa ziko NSE, soko la hisa la Nairobi, omba taarifa ya akaunti yako ya CDS, yaani akaunti inayohifadhi hisa zako kielektroniki, kwa dalali wako. Kwa kampuni binafsi, omba CR12, hati ya Msajili wa Kampuni, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Majina ya wakurugenzi na wenye hisa yamo. Kisha soma ripoti ya mwaka kuanzia nyuma, kwenye maelezo ya hesabu yanayotaja biashara kati ya kampuni na wakurugenzi au jamaa zao. Picha za mwenyekiti huko mbele ziruke.

Sasa andika barua ya kuitisha mkutano. Hapa ndipo wengi hukwama, maana watakaotia sahihi lazima kwa pamoja wawe na angalau asilimia 10 ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kupiga kura. Taja jambo litakalojadiliwa na uambatishe azimio lenyewe: "Kwamba fulani aondolewe kwenye ukurugenzi." Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa siku ilipopokelewa. Kuanzia siku hiyo bodi ina siku 21 za kuitisha mkutano, nao ufanyike ndani ya siku 28 baada ya tarehe ya ilani. Wakikaa kimya, mnaweza kuuitisha wenyewe. Kampuni itawarudishia gharama, kisha iwakate wakurugenzi waliozembea.

Azimio la kumwondoa mkurugenzi linahitaji pia taarifa maalumu kwa kampuni, siku 28 kabla ya mkutano. Yeye ana haki ya kujitetea, mwacheni aseme. Kura zikizidi nusu, ameondoka.

Kwa kampuni ambayo hisa zake ziko NSE, lalamika pia kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Usingoje wakubwa wagombane ndipo siri zitoke: mambo ya CMC Holdings, kampuni ya kuuza magari, yalifumuka 2011 wakurugenzi walipovurugana wao kwa wao, hisa zikasimamishwa sokoni, na mwenyehisa mdogo akabaki na mali asiyoweza kuiuza.

Hamkufikisha asilimia 10? Nenda Mahakama Kuu. Hata mwenye hisa chache anaweza kumshtaki mkurugenzi kwa niaba ya kampuni, ila lazima aombe ruhusa ya kuendelea na kesi, chini ya kifungu cha 239. Jaji huanza na karatasi: hati ya kiapo, barua zako kwa bodi na majibu yao. Ushahidi ukiwa mwepesi, ombi hutupwa hapo hapo. Ataangalia pia kama una nia njema, na kama wanahisa walikwisha kuidhinisha jambo unalolalamikia.

Mkishinda, fidia inaingia kwenye akaunti ya kampuni, si kwako. Kama uliyeumizwa ni wewe, tuseme umenyimwa mgao ambao wenzako wamepewa, tumia kifungu cha 780. Kwa ombi hilo mahakama inaweza kuamuru hisa zako zinunuliwe, nawe ukaondoka na pesa zako.